Somo la Kawi Nyumbani: Taima na Themostati Zinavyoweza Kulinda Tokeni Zako

Umenunua tokeni za Sh1,000 mwanzoni mwa wiki, na kabla ya Ijumaa mita imeanza kulia. Hukumbuki kufanya lolote tofauti na mwezi uliopita. Hali hii inawasumbua wakazi wengi wa Mombasa, hasa kati ya Disemba na Machi, joto la mchana linapopita digrii 30 na usiku kukabaki kwenye digrii 24 au 25. Feni, friji na viyoyozi hufanya kazi kwa saa nyingi zaidi miezi hiyo.

Kabla ya kulaumu mita, zunguka nyumba yako saa mbili asubuhi. Je, taa ya nje bado inawaka na jua limeshatoka? Kiyoyozi kiliendelea kupuliza hadi alfajiri ukiwa umejifunika blanketi? King'amuzi kilikesha huku runinga imezimwa? Vyombo hivi havijui kwamba umelala au umetoka. Vitaendelea kula stima hadi mtu avizime, au hadi viwekewe kitu cha kuvizima.

Vitu hivyo vipo, na vingine tayari unavyo bila kujua. Cha kwanza ni taima, yaani kifaa kinachowasha na kuzima chombo kwa saa uliyoipanga. Cha pili ni themostati, yaani kidhibiti cha joto kinachozima chombo kikifika kwenye joto ulilochagua na kukiwasha tena joto hilo likibadilika. Lengo la somo hili ni kukusaidia kujua chombo kipi kifungiwe taima, kipi kiachiwe themostati, na kipi kisiwekewe taima kabisa. Ukikosea, unaweza kuozesha chakula, kuunguza pampu au hata kuchoma nyumba.

1. Elewa unacholipia

Mita huhesabu yuniti. Yuniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Hesabu yake ni rahisi: chukua wati zilizoandikwa kwenye chombo, zidisha kwa saa unazokitumia, kisha gawanya kwa 1,000.

Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja hula yuniti moja. Balbu ya wati 10 nayo hula yuniti moja, ila itachukua saa 100. Kwa hivyo kuna njia mbili za kupunguza matumizi: kupunguza wati, kwa mfano kwa kununua balbu za LED, au kupunguza saa. Njia ya kwanza huhitaji fedha za kununua vyombo vipya. Ya pili mara nyingi huhitaji nidhamu tu, au taima ya bei nafuu.

Pima maendeleo yako kwa yuniti, usipime kwa shilingi. Ndani ya bei unayolipa mna gharama ya mafuta na marekebisho ya ubadilishaji wa fedha za kigeni, ambayo hubadilika kila mwezi, pamoja na VAT na ada nyingine. Ndiyo sababu Sh1,000 haileti yuniti zile zile kila mwezi. Ujumbe wa tokeni unaoupata kwenye simu huonyesha yuniti ulizopewa. Usiufute.

2. Kwa nini yuniti 100 ni mpaka wa kuangaliwa

Serikali ya Kaunti haipangi bei ya stima. Bei huidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Katika mpangilio ulioanza kutumika tarehe 1 Aprili 2023, wateja wa nyumbani waligawanywa katika makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaotumia zaidi ya 30 hadi 100, na wanaopita 100. Kila kundi lina bei yake ya yuniti, na bei hupanda kadiri kundi linavyopanda.

Kundi lako huamuliwa kwa wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu. Ukiingia katika kundi la juu, bei ya juu hutozwa kwa yuniti zako zote, si kwa zile zilizozidi 100 peke yake. Nyumba inayotumia yuniti 105 kwa mwezi inalipa bei ya juu kwa sababu ya yuniti tano tu. Yuniti tano hizo zinaweza kuwa taa moja ya nje iliyosahaulika kila asubuhi.

Kwa sababu wastani ni wa miezi mitatu, usikate tamaa ukianza kubana matumizi leo na usione mabadiliko ya bei mwezi ujao. Vilevile, wageni wa Disemba na joto la Januari vinaweza kuvuta wastani wako juu hadi Machi.

3. Taima na themostati hufanya kazi tofauti

Katika nchi za baridi, nyumba nyingi zina themostati moja ukutani inayoongoza mtambo wa kupasha joto au kupoza nyumba nzima. Huko, themostati ya kupangiwa saa hupunguza kazi ya mtambo wakati watu wamelala au wametoka. Idara ya Kawi ya Marekani husema kwamba kuirudisha themostati nyuma kwa takriban digrii 4 hadi 5.5 za Selsiasi kwa saa nane kila siku kunaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka ya gharama ya kupasha joto na kupoza nyumba.

Kwetu hakuna mtambo wa nyumba nzima. Lakini kazi ile ile hufanywa na vifaa vidogo vilivyotawanyika: kitufe cha TIMER kwenye rimoti ya kiyoyozi, kile kirungu chenye namba ndani ya friji, taima ya kuchomeka kwenye soketi, na jicho la taa linalohisi giza.

Kanuni ya kukumbuka ni hii:

Chombo kinachoweza kuzimwa kabisa kwa saa kadhaa bila madhara kinafaa taima. Hapa ni taa za nje, king'amuzi, feni, chaja na hita ya maji yenye tangi.

Chombo kinachopaswa kukaa kimewashwa ili kulinda kitu fulani kinategemea themostati yake peke yake. Hapa ni friji na friza.

Chombo kinachohitaji vyote viwili ni kiyoyozi: themostati huamua chumba kiwe baridi kiasi gani, taima huamua hadi saa ngapi.

4. Kiyoyozi: digrii kwanza, saa baadaye

Watu wengi wakiingia ndani na jasho huweka rimoti kwenye digrii 16 au 18 ili chumba kipoe haraka. Kwa kiyoyozi cha kawaida, hilo halisaidii. Kompresa yake ina mwendo mmoja tu. Itapoza kwa kasi ile ile ukiweka 18 au 25. Tofauti ni kwamba ukiweka 25 itafika na kupumzika, na ukiweka 18 katika usiku wa Januari huenda isipumzike hadi asubuhi.

India, yenye miji mingi ya joto na unyevu kama Mombasa, iliamua kwamba kuanzia Januari 2020 viyoyozi vya vyumbani vyenye alama ya nyota za matumizi ya kawi viwe vinaanza kwenye digrii 24 vinapowashwa. Ofisi ya nchi hiyo inayosimamia matumizi bora ya kawi hukadiria kwamba kila digrii moja unayopandisha huokoa takriban asilimia 6 ya stima ya kiyoyozi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kiyoyozi chako hula wati 1,000 kompresa inapozunguka, nawe hukiwasha kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa tisa. Ukiweka digrii 18 na kompresa isipumzike, ni yuniti 9 kila usiku, au 270 kwa siku 30.

Sasa weka digrii 26, washa feni ya wati 60 ili hewa izunguke, na upange kiyoyozi kijizime saa tisa usiku. Tuseme kompresa huzunguka nusu ya zile saa sita. Hiyo ni yuniti 3. Feni ikiendelea hadi asubuhi huongeza takriban nusu yuniti. Jumla kwa siku 30 ni karibu yuniti 106. Umeokoa zaidi ya yuniti 160, na umelala vizuri, kwa sababu baada ya saa tisa usiku hewa ya nje huwa karibu na kiwango chake cha chini kabisa, na chumba kilichopozwa huchukua muda kupata joto tena.

Mambo ya kufanya leo:

Bonyeza kitufe cha TIMER kwenye rimoti na uangalie kinavyofanya kazi. Rimoti nyingine huuliza saa ya kuzima, nyingine huhesabu saa zilizobaki. Ukiandika 3 kwenye rimoti ya kuhesabu, kitazima baada ya saa tatu.

Jaribu kitufe cha SLEEP. Katika viyoyozi vingi, hupandisha joto polepole kadiri usiku unavyoendelea.

Osha kichujio cha hewa angalau mara moja kwa mwezi wakati wa joto. Kikijaa vumbi, kompresa huzunguka muda mrefu zaidi kupata baridi ile ile.

Funga madirisha ya vioo vya kukunja na uzibe mianya yake. Themostati haiwezi kufika kwenye digrii uliyochagua iwapo baridi inatoka nje.

Stima ikikatika na kurudi, angalia tena taima. Viyoyozi vingi husahau mpangilio wake.

5. Friji na friza: usifunge taima

Kuna ushauri unaozunguka mitaani kwamba friji izimwe usiku ili kuokoa tokeni. Usiufuate. Mlango hata ukiwa umefungwa, joto huendelea kuingia taratibu. Ukiiwasha asubuhi, kompresa itazunguka muda mrefu kuliondoa, kwa hivyo sehemu kubwa ya ulichookoa hurudi kutumika. Katika muda huo, samaki, nyama, maziwa na chakula cha mtoto vimekaa kwenye joto linalokuza viini. Kwa mgonjwa wa kisukari anayehifadhi insulini, ambayo kabla ya kufunguliwa huhitaji kati ya digrii 2 na 8, kuzima friji ni kuhatarisha maisha.

Friji tayari ina kidhibiti chake. Tatizo ni kwamba wengi hukisoma vibaya. Namba 1 hadi 5 au 1 hadi 7 kwenye kile kirungu si digrii. Kwa kawaida, namba kubwa humaanisha baridi zaidi na stima zaidi. Anza katikati. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji usiku kucha. Asubuhi kikisoma kati ya digrii 3 na 5, acha kirungu hapo. Kikisoma chini ya hapo, punguza namba moja. Kikisoma zaidi, ongeza moja. Friza inapaswa kuwa kwenye digrii 18 chini ya sufuri.

Kisha saidia themostati ifanye kazi yake. Fungia noti ya shilingi katikati ya mlango na uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka. Acha nafasi kati ya friji na ukuta ili joto la nyuma lipate pa kwenda. Usiiweke kando ya jiko wala mahali jua linapoingia. Usiingize sufuria ya moto. Na friji inayoganda barafu iyeyushwe kabla barafu haijawa nene kama kidole.

Ukinunua friji mpya, angalia kibandiko cha nyota. Kanuni za mwaka 2016 kuhusu matumizi ya kawi ya vifaa zinataka friji na viyoyozi vya vyumbani viuzwavyo Kenya viwe na kibandiko hicho. Nyota nyingi humaanisha chombo hula stima kidogo zaidi kwa kazi ile ile.

6. Taa za nje na king'amuzi: mfano wa nyumba moja

Tuangalie nyumba ya mfano isiyo na kiyoyozi. Kwa siku 30 matumizi yake ni haya:

Friji, yuniti 1.3 kwa siku: 39
Taa mbili za nje za wati 50 kila moja, kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa tatu unusu asubuhi: 45
Runinga ya wati 80, saa tano kwa siku: 12
King'amuzi cha wati 15, kutwa kucha: 10.8
Pasi ya wati 1,000, saa nane kwa mwezi: 8
Balbu tano za ndani za wati 8, saa tano kwa siku: 6

Jumla ni yuniti 120.8. Nyumba hii iko katika kundi la bei ya juu.

Taa za nje ndizo zilizokula kuliko friji. Sasa taa ya langoni ifungwe jicho la kuhisi giza, iwake saa 12 tu. Ile ya uani ifungiwe taima iwake kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa tano usiku, watu wanapolala. Taa hizo mbili zitakula takriban yuniti 25 badala ya 45. King'amuzi nacho kichomekwe kwenye taima ya soketi kiwake saa saba kwa siku. Kitakula yuniti 3 badala ya 10.8.

Jumla mpya ni karibu yuniti 93. Hakuna aliyekaa gizani, hakuna aliyekosa taarifa ya habari, na baada ya wastani wa miezi mitatu kushuka, yuniti zote 93 zitatozwa kwa bei ya kundi la kati.

Iwapo usalama wa mtaa wenu unahitaji mwanga usiku kucha, usiuzime. Tumia balbu ya wati chache, au taa ya kuhisi mtu anapopita.

Sisi tuna bahati moja ambayo watu wa Ulaya hawana. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, urefu wa usiku Mombasa haubadiliki sana mwaka mzima. Taima ya taa ukiipanga vizuri mara moja, huna haja ya kuirekebisha kila majira.

7. Pampu na hita ya maji

Nyumba nyingi huvuta maji kutoka tangi la chini hadi tangi la juu. Pampu ikisahaulika, maji humwagika na stima hupotea pamoja nayo. Taima inaweza kusaidia, lakini peke yake ni hatari: siku maji ya mfereji yasipokuja, taima itawasha pampu juu ya tangi tupu, na pampu inayozunguka bila maji huungua. Suluhisho bora ni boya lenye swichi katika tangi la juu, linalozima pampu likijaa, na jingine katika tangi la chini, linalozuia pampu kuwaka pasipo na maji.

Hita yenye tangi, inayopatikana zaidi katika nyumba za wageni na za kupangisha, inafaa taima. Kupasha lita 50 za maji kutoka digrii 27 hadi 60 hula takriban yuniti 2. Hita ikiachwa imewashwa mchana kutwa, hurudia kupasha maji yanayopoa bila mtu kuyatumia. Ipange iwake saa moja kabla ya watu kuoga. Themostati yake iache kwenye digrii 60, kwa sababu maji ya vuguvugu yakikaa kwenye tangi hukuza bakteria. Changanya na maji baridi unapooga ili usiungue.

Bafu la kupasha maji papo hapo halina tangi, kwa hivyo halihitaji taima. Hula wati 5,000 au zaidi likiwa wazi. Hapo kinachookoa stima ni kuoga kwa dakika chache, na kutumia kiwango cha chini cha joto au maji baridi siku za jua.

8. Kupanga taima bila kukosea saa

Kosa linalofanywa mara nyingi ni la saa za Kiswahili. Taima husoma saa 24 kuanzia usiku wa manane. Ukiandika 3:00 ukimaanisha saa tatu usiku, taa itawaka wakati umelala. Tumia kanuni hii:

Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00.
Kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, ongeza 18. Saa tatu usiku ni 21:00, saa tano usiku ni 23:00.
Saa sita usiku ni 00:00.
Kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, toa 6. Saa tisa usiku ni 03:00.

Taima ya kuzungusha ina vipini vingi ukingoni. Kila kipini ni dakika 15 au 30, kulingana na aina. Zungusha sahani hadi mshale uonyeshe saa ya sasa, kisha bonyeza vipini vya saa unazotaka chombo kiwake. Angalia swichi ndogo ya pembeni: ikiwa upande wa kuwasha moja kwa moja badala ya upande wenye picha ya saa, taima haitazima kitu.

Stima ikikatika kwa saa mbili, taima ya kuzungusha husimama na kuchelewa kwa saa mbili. Irekebishe stima ikirudi, la sivyo taa zitachelewa kuwaka na kuchelewa kuzimika kwa saa mbili. Taima ya namba yenye betri ndani huendelea kuhesabu.

9. Usalama kwanza

Soketi zetu ni za ampea 13 na volti 240, yaani takriban wati 3,000 kwa juu kabisa. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye taima na usikipite. Taima ndogo ya kuchomeka inafaa taa, feni, king'amuzi na chaja. Usiitumie kwa kiyoyozi, pampu au hita. Mota zinapoanza huvuta stima nyingi zaidi kwa muda mfupi, na taima dhaifu huyeyuka.

Vyombo hivyo vikubwa vifungiwe taima na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Muulize akuonyeshe leseni. Nunua vifaa vyenye alama ya ubora ya KEBS. Usichomeke taima juu ya kebo ya soketi nyingi iliyokwisha kujaa. Na usiweke pasi wala jiko la stima kwenye taima. Chombo cha moto kisiwake pasipo na mtu.

10. Kazi ya wiki hii

Jumatatu: andika namba ya mita unapolala na unapoamka. Tofauti ndiyo stima iliyotumika mkiwa usingizini. Kwa mita ya tokeni, toa yuniti zilizobaki asubuhi kwenye zile za usiku.
Jumanne: orodhesha vyombo vilivyokuwa vimewashwa usiku huo na wati zake.
Jumatano: chagua kimoja kinachoweza kuzimwa bila madhara, ukipange kwa taima.
Alhamisi: pima joto la friji kwa glasi ya maji.
Ijumaa: soma tena mita usiku na asubuhi, ulinganishe na Jumatatu.

Jipime

Je, friji ifungwe taima usiku? La. Rekebisha themostati yake.
Je, kiyoyozi cha kawaida hupoza haraka zaidi kwenye 18 kuliko 25? La. Huzunguka muda mrefu zaidi tu.
Saa tano usiku kwenye taima ni saa ngapi? 23:00.
Nyumba inatumia yuniti 108 kwa mwezi. Ipunguze ngapi ili itoke kundi la juu? Angalau 8 kwa mwezi, na ishikilie hapo hadi wastani wa miezi mitatu ushuke.

Hifadhi ukurasa huu karibu na mita. Kwa maswali kuhusu mita, tokeni au kundi la bei ulilowekwa, wasiliana na Kenya Power. Kwa malalamiko ambayo hayakutatuliwa huko, una haki ya kuyafikisha EPRA.